Kiangazi: mjue utitiri kabla ya kupiga dawa

Kiangazi kimeshika, na wakulima wa nyanya na pilipili wanalalamika: majani yanafubaa, dawa imepigwa mara mbili, hali inazidi kuwa mbaya. Mara nyingi anayehusika ni utitiri, jamaa ya kupe na buibui. Dawa nyingi za wadudu hazimwezi. Zinaua wanaomla, naye akabaki akizaana.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10, geuza jani, kisha angalia upande wa chini.

Utitiri wekundu, familia ya Tetranychidae: miguu minane, mwendo wa polepole. Juu ya jani utaona vidoa vyeupe, chini utando mwembamba. Utitiri wa kijani wa mihogo, aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza nchini Uganda mwaka 1971, ni wa familia hii.

Utitiri wapana, Tarsonemidae: hawafumi utando na wanapenda ncha changa. Majani ya pilipili hujikunja na kukakamaa, mkulima akadhani ni virusi, akang'oa miche bure.

Utitiri wa kutu, Eriophyidae: umbo la mnyoo, miguu minne tu, urefu wa kama milimita 0.2. Shina la nyanya hugeuka rangi ya shaba kuanzia chini, kisha majani hukauka kuelekea juu. Wengi hupiga dawa ya ukungu isiyohusika.

Utitiri walaji, Phytoseiidae: hawa ni askari wako. Wanang'aa, wana umbo la tone la maji, na hukimbia kando ya mishipa ya jani. Mmoja wao, Typhlodromalus aripo, aliletwa kutoka Brazili, akaachiwa Benin mwaka 1993. Mchana hujificha kwenye ncha za mihogo, usiku hushuka kuwinda utitiri wa kijani.

Huna lenzi? Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe. Vinukta vinavyojikokota huenda ni walaji wa mmea. Vinavyokimbia huenda ni askari.

Ukiwaona askari wengi na madhara ni machache, subiri siku tatu au nne, kisha kagua tena. Madhara yakizidi, tumia dawa iliyosajiliwa kwa utitiri, uilenge chini ya majani, na msimu uleule badilisha kiambato, si jina la chupa tu. Salfa inafaa kwa utitiri wa kutu, ila usiipige jua likiwa kali, itaunguza majani. Epuka dawa za jamii ya pairethroidi: huwamaliza askari kwanza.