Kiu, Uchovu na Hofu ya Kisukari

Kiu isiyokatika, kuamka usiku mara kwa mara kwenda msalani, na kukonda ilhali hamu ya kula ipo ni dalili zinazoweza kutoka kwenye chanzo kimoja: kisukari. Kongosho hutengeneza insulini, homoni inayoziwezesha seli kuchukua sukari iliyomo katika damu. Insulini ikikosekana, au mwili usipoiitikia, sukari hurundikana. Inapozidi takriban milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuizuia yote, hivyo hutoka na mkojo ikivuta maji ya mwili. Ndipo sisimizi huonekana wakizingira mahali mgonjwa alipokojoa. Wasipoonekana, hilo halimaanishi kuwa mtu yuko salama: sukari inaweza kuwa imepanda katika damu bila kufika kwenye mkojo.

Kisukari cha aina ya pili hujificha zaidi. Mtu anaweza kuishi nacho miaka bila kuhisi lolote, kisha akaanza kuona ukungu, kupata ganzi au moto nyayoni, majipu yanayorudi, fangasi sehemu za siri, au kidonda cha mguu kisichopona.

Hata hivyo, dalili hizi si za kisukari peke yake. Uchovu huletwa pia na upungufu wa damu, ujauzito, usingizi mbovu au msongo wa mawazo. Kukojoa mara kwa mara kunaweza kutokana na maambukizi ya njia ya mkojo au dawa za presha zinazoongeza mkojo. Kukonda kunaweza kuwa kifua kikuu au VVU, na hapa pana jambo la kuzingatia: kisukari huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu, kwa hiyo kupatikana kwa ugonjwa mmoja hakuondoi haja ya kupima mwingine.

Kinachomaliza shaka ni kipimo cha damu. Baada ya kukaa bila kula kwa saa nane au zaidi, milimoli 7.0 kwa lita na kuendelea ni kiwango cha kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 sukari imeanza kupanda na inahitaji kufuatiliwa. Kwa mwenye dalili bayana, 11.1 au zaidi wakati wowote hutosha kuutambua ugonjwa. Asiye na dalili hurudiwa kupimwa siku nyingine kabla ya kuambiwa ni mgonjwa. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kutoboa kidole, kwani maji ya embe au chungwa kidoleni unaweza kuipandisha namba kwa uongo. Kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu nacho huweza kupotosha kwa mwenye selimundu, hivyo mhudumu aelezwe mapema.

Kwa mtoto hakuna muda wa kusubiri. Kisukari cha aina ya kwanza huweza kujitokeza ndani ya wiki chache: mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena, anakunywa maji bila kutosheka, anakonda. Akifikia kutapika, kuumwa tumbo, kupumua kwa haraka na kwa kina, au pumzi yake kunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, damu yake inajaa asidi na maisha yake yako hatarini. Hali hii hudhaniwa kuwa malaria, homa ya matumbo au nimonia, na matibabu yasiyo sahihi hula saa za thamani. Mzazi ana haki ya kuomba sukari ipimwe papo hapo, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha wadudu. Mtoto huyo anahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Hakuna mitishamba wala mlo unaoshika nafasi ya insulini.

Majibu yakiwa ya kawaida, kisukari kimewekwa kando, lakini kiu au uchovu ule bado una sababu. Mgonjwa arudi kwa mhudumu akiwa na orodha ya dawa anazotumia na siku dalili zilipoanza, ili chanzo kingine kitafutwe.