Vipimo Vingi vya Mtu Mmoja: Namna ya Kusoma Uwiano Wake

Tuchukue mfano wa kubuni kutoka kliniki ya shinikizo la damu. Wagonjwa watatu wameandika, kwa wiki tatu, wastani wa dakika walizotembea kwa siku na kipimo cha juu cha shinikizo lao. Wa kwanza alitembea dakika 10, 20 na 30. Shinikizo likawa 140, 136 na 132. Wa pili alitembea 30, 40 na 50. Likawa 155, 151 na 147. Wa tatu, aliyehimizwa kutembea zaidi kwa kuwa shinikizo lake liliwazidi wenzake, alitembea 50, 60 na 70. Likawa 170, 166 na 162.

Mhudumu akizichanganya jozi hizo tisa kana kwamba zimetoka kwa watu tisa, atapata uwiano wa 0.75, yaani anayetembea zaidi ana shinikizo kubwa zaidi. Mgonjwa akiambiwa hivyo, huenda akaacha kutembea. Kumbe katika daftari la kila mmoja wao, kila zilipoongezeka dakika 10, shinikizo lilishuka kwa 4. Tofauti baina ya watu imeyafunika mabadiliko yaliyo ndani ya mtu.

Mwaka 1995 wanatakwimu wa Uingereza, Martin Bland na Douglas Altman, walieleza katika British Medical Journal namna ya kuliepuka kosa hili. Walitumia vipimo 47 vya wagonjwa 8: pH ya ukuta wa tumbo, na shinikizo la kaboni dayoksaidi katika damu. Ndani ya wagonjwa uwiano ulikuwa -0.51, kimoja kilipopanda, kingine kilishuka. Vipimo hivyo vikichanganywa ovyo, uwiano hukaribia sifuri.

Kwa mkono hesabu hii huchosha. Jonathan Bakdash na Laura Marusich wa Marekani, ambao makala yao ilitoka mwaka 2017, waliiweka katika kifurushi kiitwacho rmcorr, kinachotumika ndani ya R, programu huria ya takwimu isiyolipiwa. Asiyejua kuandika amri za kompyuta anaweza kutumia rmcorrShiny, inayofunguliwa katika kivinjari cha intaneti. Andaa jedwali lenye safu tatu: namba ya mgonjwa, kipimo cha kwanza na kipimo cha pili, kila hudhurio liwe na mstari wake. Jina la mgonjwa lisiingie humo kamwe.

Programu huchora mistari sambamba, mmoja kwa kila mgonjwa. Itazame michoro hiyo kabla ya namba, kwani njia hii huchukulia kwamba mwelekeo ni mmoja kwa wote. Nukta za mgonjwa mmoja zikipanda ilhali za wengine zinashuka, namba moja haiwezi kuwasemea wote. Wala haithibitishi kwamba kutembea ndiko kulikoshusha shinikizo. Pengine dawa ilibadilishwa wiki ileile. Kwa sababu hiyo mgonjwa aandike pia katika daftari lake tarehe ya kila badiliko la dawa.