Kalamu isingoje shwari

Wapo ndugu zetu wenye elimu na kipaji cha kuandika ambao, kila ukiwauliza kitabu kimefikia wapi, jibu ni moja: mambo yakitulia. Kodi ya nyumba, maradhi, kazi imekwisha. Ni udhuru wa kweli, siudharau. Lakini ndugu msomaji, hebu tumtazame Imamu as-Sarakhsi, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanafi wa karne ya 11.

Imamu huyu alifungwa miaka mingi mjini Uzgend, katika nchi ambayo leo ni Kyrgyzstan. Waandishi wa sira yake wanaeleza kuwa kosa lake lilikuwa ni nasaha aliyompa mtawala, na kwamba alitiwa shimoni. Vitabu hakuwa navyo. Wanafunzi wakakaa juu ya shimo, naye chini akawasomea imla kwa hifdhi. Hivyo ndivyo ilivyopatikana al-Mabsut, ambayo imechapwa kwa juzuu 30!

Aliwezaje? Subira, ndiyo, na taufiki ya Mwenyezi Mungu. Ila tusiishie hapo kama tulivyozoea, kwani upo pia utaratibu. Hakuanza na karatasi tupu. Al-Mabsut ni sharhi, yaani ufafanuzi wa al-Kafi, muhtasari wa vitabu vya Imamu Muhammad ash-Shaybani. Mlango ukiisha, unaofuata unajulikana. Akili iliyochoshwa na dhiki haikulazimika kuamua kila asubuhi ianzie wapi. Tena alikuwa na watu wanaomngojea. Anayengojewa na wanafunzi watatu tu barazani ataandika. Anayejingoja mwenyewe huahirisha. Wala hakuficha hali yake: mwishoni mwa baadhi ya milango anataja kuwa yu kifungoni, kisha anaendelea.

Msiba ni jambo jingine. Ibn Hajar al-Asqalani alifiwa na binti zake wawili kwa tauni mwaka 819 Hijria (1416). Alianza kitabu kuhusu tauni, akakiweka kando, asikikamilishe hadi 833 (1430), baada ya tauni kumchukua binti mwingine. Lakini miaka yote hiyo Fat-hul Bari, aliyoianza 817, ilikuwa ikiendelea. Kwa maoni yangu, kitabu kinachogusa jeraha kina haki ya kusubiri, ilimradi kingine kiko mkononi.

Na Sarakhsi? Kifungoni humo alianza pia sharhi ya as-Siyar al-Kabir. Alipofika mlango wa masharti akaachiwa huru. Akaenda Farghana, wanafunzi wakamfuata, imla ikaendelea pale ilipoishia.