Mwindaji Mgonjwa: Maamuzi ya Kufanya Mapema

Msimu wa kulungu unapofunguliwa katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani, wazee wa kambi za uwindaji huota moto na kuzungumza mengi, kifo kikiwemo. Wengi wao husema hawataki kufia hospitalini wamezungukwa na mirija. Mwindaji amefundishwa tangu utoto kwamba mnyama aliyejeruhiwa haachwi ateseke. Unafuata damu yake mpaka umpate, hata giza likiingia. Kwa hiyo wanauliza: kama kulungu anahurumiwa, mtu je?

Swali hilo lina uzito. Lakini kulungu hawezi kusema anataka nini, na hakuna muuguzi anayemjia na dawa. Mgonjwa ana sauti na ana tiba. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutumia vyote viwili, hasa kwa msomaji anayeishi Marekani au mwenye mzazi, ndugu au jirani anayeumwa huko.

Jua hasa unachokiogopa

Jimbo la Oregon lina sheria, iliyopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1994 na kuanza kutumika 1997, inayomruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kuomba dawa ya kukatisha uhai wake iwapo madaktari wawili wamethibitisha kwamba amebakiza miezi 6 au pungufu. Washington, Vermont na California ni miongoni mwa majimbo yaliyofuata; majimbo mengi hayajaruhusu. Nchini Kenya, Tanzania na Uganda, kumsaidia mtu kujiua ni kosa la jinai.

Ripoti ambazo Oregon huzitoa kila mwaka zina funzo hata kwa anayeipinga sheria hiyo. Sababu zinazotajwa zaidi na wagonjwa ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya mambo yaliyowapa raha ya maisha, na kuona heshima yao imeshuka. Maumivu yapo chini kwenye orodha. Tena, takriban theluthi moja ya wanaoandikiwa dawa hiyo hawainywi.

Basi kabla ya kuamua lolote, taja hofu yako kwa jina. Ni maumivu? Ni kukosa pumzi? Ni kuogeshwa na binti yako? Ni gharama kuiangukia familia? Kila moja ina mtu wa kuizungumza naye na ina njia ya kupunguzwa, lakini daktari hawezi kutibu hofu ambayo hujaisema.

Omba tiba shufaa, usingoje mwisho

Tiba shufaa hutuliza maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi na msongo wa mawazo, na inaweza kutolewa sambamba na matibabu ya ugonjwa wenyewe. Wengi huikimbia wakidhani ni kukata tamaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa Boston kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa, ulionyesha kinyume: walioanza tiba shufaa mapema walikuwa na hali bora, na nusu yao waliishi zaidi ya miezi 11.6, wakati kwa wenzao kipimo hicho kilikuwa miezi 8.9.

Matibabu ya kuuponya ugonjwa yakishafika ukingoni, ipo huduma ya hospisi. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, huilipia iwapo madaktari wanakadiria mgonjwa amebakiza miezi 6 au chini ya hapo, na mgonjwa anaruhusiwa kujitoa wakati wowote akibadili nia. Mara nyingi hospisi huja nyumbani. Muuguzi hufika kwa zamu, kitanda cha kuinuka huletwa, na mara nyingi familia huachiwa kisanduku kidogo cha dawa za dharura, ikiwemo mofini ya maji, ili usiku wa manane mtu asipate shida ya kutafuta gari la wagonjwa. Kabla ya kukigusa, familia hupiga simu na muuguzi wa zamu huelekeza kipimo.

Afrika Mashariki nayo si ngeni katika jambo hili. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, inayotumia mofini ya unga iliyochanganywa na maji, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa huinywea nyumbani kwake.

Andika, kisha sema

Sheria ya shirikisho inayotumika tangu 1991 inazitaka hospitali zinazopokea fedha za Medicare kumweleza mgonjwa haki yake ya kukataa tiba na ya kuandika maagizo mapema. Hati hiyo hubeba mambo mawili:

1. Mtu atakayekusemea ukishindwa kusema. Chagua anayeweza kusimamia neno lako hata ndugu wakilia, si lazima awe mkubwa wa familia.
2. Tiba unazozitaka na usizozitaka: mashine ya kupumulia, kulishwa kwa mrija, kushtuliwa moyo.

Kukataa mashine ni haki kisheria, na sheria haiihesabu kuwa ni kujiua. Ukiwa na wasiwasi wa kidini, zungumza na sheikh, padri au mchungaji wako kabla ya kutia sahihi. Fomu na mashahidi hutofautiana kwa kila jimbo, hivyo uliza hospitalini. Nakala mpe daktari na mpe msemaji wako, usiifungie kabatini. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, dai mkalimani wa Kiswahili. Hospitali zinazopokea fedha za serikali zinapaswa kumtoa bila malipo, na si kazi ya mtoto kumtafsiria mama yake habari za kifo.

Kuumwa si mwisho wa msitu

Majimbo mengi yana vibali maalumu kwa wawindaji wasiojiweza. Wisconsin, kwa mfano, ina kibali kinachomruhusu mlemavu kupiga mnyama akiwa ndani ya gari lililosimama. Mwambie daktari wazi kwamba unataka kuiona asubuhi moja zaidi porini. Ratiba ya dawa inaweza kupangwa kulifuata lengo hilo.

Neno kwa familia: bunduki

Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua, na nyumba ya mwindaji ina silaha. Mgonjwa akianza kusema amechoka kuishi, au akagawa vitu vyake ghafla, muulize waziwazi kama anawaza kujiua; swali hilo halimpandikizii wazo. Mwombe ndugu au rafiki wa kambini azihifadhi bunduki kwa kufuata sheria ya jimbo, na mwambie daktari, kwa kuwa maumivu yasiyotulizwa na sonona vyote vinatibika. Namba 988, simu ya msaada kwa anayewaza kujiua, hupokelewa saa 24 kote Marekani, na mkalimani anaweza kuunganishwa.

Msingoje homa ipande ndipo mzungumze. Mketisheni mzee leo akiwa bado na nguvu, mumuulize anataka nini, muandike anachosema, na siku ikifika mkitekeleze.