Kabla hujapanda, piga picha anga la nyumbani kwako

Wiki hii watu watatu wameniuliza swali lile lile: "Bwana shamba, jana imenyesha, tupande?" Na mimi nikawauliza: una picha za anga za wiki mbili zilizopita? Wakacheka. Leo nieleze kwa nini huo siyo utani.

Mimi naishi Kongwa, mkoani Dodoma. Huku msimu wa mvua ni mmoja tu, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Ukikosea kupanda, hakuna msimu wa pili wa kukuokoa. Miaka michache iliyopita, mwishoni mwa Novemba, lilikuja wingu zito, ikapiga mvua ya nusu saa, maji yakatiririka uani. Kesho yake nikapanda mahindi ekari mbili, mbegu ya kununua. Baada ya hapo jua kali siku 19. Mahindi yakachipua, yakakauka. Mke wangu alisema neno moja tu: "Na wewe ndiyo bwana shamba." Nikaenda kununua mbegu upya.

Tangu hapo kila jioni nakaa barazani na chai yangu, napiga picha anga.

Jinsi ya kufanya

1. Simama sehemu ile ile, elekea upande ule ule. Picha ionyeshe kitu kisichohama, kama paa au mwembe, ili uweze kulinganisha siku na siku.
2. Piga muda ule ule. Mimi napiga saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni. Tarehe simu inatunza yenyewe.
3. Usielekeze kamera kwenye jua. Radi ikianza, ingia ndani. Usikimbilie chini ya mti.
4. Weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila asubuhi pima maji kwa rula, andika, kisha mwaga. Milimita 1 ni sawa na lita 1 kwa kila mita ya mraba ya shamba lako.

Unaangalia nini

*Vijiwingu vyeupe kama pamba, chini bapa, havikui kwenda juu.* Hivi havina mvua. Furahia kivuli, endelea kuandaa shamba.

*Wingu linalopanda kama mnara mchana wa joto, kilele kikatandaa kama uyoga.* Hili ni la radi na mvua kubwa ya muda mfupi. Linaweza kukunyeshea wewe likamruka jirani. Ndilo lililonidanganya mimi: lilikuwa wingu moja, nikadhani ni msimu.

*Anga la kijivu lililofunika pande zote, siku mbili tatu mfululizo.* Hapa unyevu umeenea eneo kubwa. Sasa kaa tayari.

Lakini picha peke yake haipandi mahindi. Chimba kwa jembe. Udongo uwe na unyevu hadi sentimita 15 hivi, na ukiufinyanga mkononi ushikane. Sikiliza pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wao wanatabiri eneo kubwa. Picha zako na kopo lako vinakuambia kilichotokea shambani kwako.

Msimu uliopita mvua ya kwanza ilijaza kopo milimita 9. Majirani wakaanza kupanda, na mimi mkono ukaniwasha kwelikweli. Nikafungua simu: picha za siku zote zile zilikuwa na wingu moja moja, na katikati anga jeupe. Nikachimba, chini ya vidole vinne udongo ulikuwa mkavu. Nikasubiri siku 12. Nilipanda mara moja tu.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Sasa jioni watoto wananiwahi barazani, wanabishana wingu hili ni ng'ombe au ni fisi. Mvua ikipita na jua likitokea magharibi, wanalipa jua mgongo kutafuta upinde wa mvua upande wa mashariki. Zamani saa hizo nilikuwa naangalia anga kwa wasiwasi tu. Siku hizi naliangalia kwa raha, na mbegu yangu iko salama kwenye gunia.

Anza leo jioni, hata kama anga halina kitu. Siku kavu nazo zipige picha, maana ndizo zitakazokuonyesha mabadiliko yakija. Wiki ijayo tutaongelea nafasi za kupanda alizeti.