Mekanika ya Mwaka wa Kwanza: Vidokezo 7

Wengi hufika chuo kikuu na alama nzuri za fizikia, kisha jaribio la kwanza la mekanika likawatoa jasho. Tatizo mara nyingi ni mazoea ya kusaka fomula. Msingi wa somo lenyewe ni sheria tatu alizochapisha Newton mwaka 1687. Kazi yako ni kujua namna ya kuzitumia.

1. Chora kwanza. Chagua kitu kimoja, kisha chora mshale wa kila kani inayokisukuma au kukivuta. Kila mshale uwe na mwenyewe: kamba, sakafu, dunia. Usipompata mwenyewe, ufute.

2. Usichanganye tungamo, uzito na msukumo wa sakafu. Mtu wa kilo 60 akisimama ndani ya lifti iliyotulia, sakafu humsukuma juu kwa nyutoni 588. Lifti ikianza kupanda kwa mchapuko wa 2 m/s², sakafu humsukuma kwa nyutoni 708. Tungamo lake ni kilo zilezile 60, na uzito wake, yaani mvuto wa dunia, ni uleule.

3. Iangalie vizuri sheria ya tatu. Uzito wa kitabu na msukumo wa meza si jozi ya sheria hii, kwa kuwa vyote viwili vinakihusu kitabu. Dunia ikikivuta kitabu, jozi yake ni kitabu kuivuta dunia.

4. Kokotoa kwa herufi, namba ziweke mwisho. Kwenye mteremko usio na msuguano utapata a = g sin θ. Sasa lijaribu jibu lako: mteremko ukiwa bapa, a ni sifuri, ukisimama wima, a ni g. Umeona pia kwamba tungamo limetoweka! Namba zingekuficha hayo yote.

5. Jua mipaka ya fomula. v = u + at inafaa pale tu mchapuko usipobadilika. Kwenye springi mchapuko hubadilika kila nukta, kwa hiyo hapo kalkulasi haikwepeki. Inoe mapema.

6. Ukiulizwa kasi bila muda, fikiria nishati. Jiwe lililoachiwa kutoka mita 5 hufika chini kwa takriban 9.9 m/s, ukipuuza ukinzani wa hewa. Mstari mmoja unatosha: mgh = ½mv².

7. Funika jibu, anza upya. Kufuata hatua za mhadhiri ubaoni kunakupa hisia ya kuelewa, lakini mtihani unataka uanze mwenyewe kwenye karatasi tupu. Rudia swali bila kuchungulia, kisha waeleze wenzako kwenye kundi la majadiliano kwa nini ulianza ulivyoanza. Wakikubana kwa maswali ukakwama, umeshajua pa kusoma usiku huo.