Kabla ya Kutuma Kazi: Kijitabu kwa Wasanii Wanaoigusa Jamii

Kijitabu hiki ni cha mshairi, mchoraji, mwanamuziki, mwigizaji, mpigapicha na mtengenezaji wa filamu wa Tanzania ambaye kazi yake inagusa maisha ya watu: ardhi, maji, ukatili majumbani, mimba za utotoni, rushwa, ulemavu, mazingira. Taasisi za serikali, mashirika, balozi na matamasha hutoa mialiko ya kupokea kazi za namna hiyo. Wasanii wengi huiona mialiko hiyo siku ya mwisho ikiwa imeshapita. Wengine huiona mapema, lakini hutuma kazi bila kusoma masharti, na baadaye hulia.

Tunataka msanii aingie kwenye mialiko hiyo akijua kwamba alichobeba ni mali. Anayetoa mwaliko anahitaji kazi zenu ili shughuli yake iwepo. Hagawi sadaka.

Milango iliyopo

Kwa mwandishi wa Kiswahili, miaka ya karibuni imekuwa na neema. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilizinduliwa mwaka 2022, na washindi wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10. Lakini kwa maoni yetu kubwa zaidi ni kwamba serikali hugharamia uchapaji wa kitabu kilichoshinda na kukisambaza shuleni na maktaba. Fedha huisha. Kitabu kilichofika kwenye rafu ya shule ya wilayani kinaweza kusomwa na watoto ambao wazazi wao bado hawajaoana.

Tuzo nyingine ni ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, nayo ni ya kazi za Kiswahili. Tazameni kazi zilizoshinda hapo mtaona kwamba mambo ya jamii hayana sura moja. Diwani ya Mohammed Khelef Ghassani, N'na Kwetu, iliyoshinda mwaka 2015, inabeba sauti ya mtu aliye ugenini. Mungu Hakopeshwi, riwaya ya Zainab Alwi Baharoon, inaingia ndani ya nyumba ya Kizanzibari na kuangalia mamlaka ya baba juu ya mke na watoto. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyohitaji bango la kampeni.

Watengenezaji wa filamu wana Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, linalofanyika tangu mwaka 1998. Wanamuziki wana Sauti za Busara, iliyoanza mwaka 2004 huko huko Zanzibar, Mji Mkongwe. Hapo jambo moja halina mjadala: muziki unapigwa moja kwa moja jukwaani. Anayeimba juu ya muziki uliorekodiwa asijisumbue kuomba, au aunde bendi kwanza. Bagamoyo ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, na tamasha lake la sanaa na utamaduni, na Dar es Salaam wachoraji na wasanii wa sanaa za kisasa wanakijua Nafasi Art Space, kilichoanza mwaka 2008.

Tarehe na vipengele hubadilika, kwa hiyo fuateni tangazo la mwaka husika. Pia msidharau mialiko midogo. Halmashauri inayotafuta igizo la siku ya maji, shirika la wilayani linalotaka michoro ya ukutani, redio ya jamii inayotaka mchezo wa kuigiza wa vipindi 6: huko ushindani ni mdogo, na watu mnaowazungumzia ndio watakaokaa mbele yenu kutazama.

Kusoma tangazo

Soma tangazo mara mbili, na mara ya pili uwe na kalamu. Tafuta nani anaruhusiwa kushiriki: umri, uraia, mahali unapoishi, kama kazi iliyokwisha kuchapishwa au kurushwa mtandaoni inakubalika. Tafuta urefu na umbo la kazi. Wakisema mswada usiwe na jina la mwandishi, usiliandike hata kwenye jina la faili, maana majaji hawatakiwi kukujua. Tafuta saa ya mwisho, si tarehe peke yake. Mwandaaji aliye nje ya nchi anaweza kuhesabu kwa saa za kwao. Tuma mapema. Mtandao unaokatika saa tano usiku haumhusu mpokeaji.

Kuhusu malipo, tofautisheni mambo mawili. Matamasha kadhaa ya filamu duniani hutoza ada ya kuwasilisha kazi, na huitangaza waziwazi pamoja na masharti yao. Hilo si wizi, ingawa unaweza kuliona ghali, na mara nyingine ukiandika kuomba msamaha wa ada unapewa. Wizi ni ule wa mtu anayekupigia simu kukwambia umeshinda shindano ambalo hukushiriki, kisha anataka utume fedha kwenye namba yake ili zawadi "ifunguliwe". Tuzo ya kweli haimdai mshindi fedha ili imlipe.

Baadhi ya mialiko sasa huuliza kama umetumia akili mnemba katika kazi yako. Jibu kweli. Ukigundulika baadaye utapoteza zawadi na jina.

Ujumbe na mtu

Hapa ndipo kazi nyingi huanguka, na tunaomba mtuvumilie tukikaa kidogo.

Msanii akisoma kwamba mada ni maji, hukimbilia kuandika kwamba maji ni uhai. Akisoma kwamba mada ni ukatili, huandika kwamba ukatili ni mbaya na tuungane kuupinga. Jaji ameshasoma hayo kwenye kazi nyingi kabla ya kuifikia yako, na mwananchi ameyasikia redioni tangu utotoni. Hayamgusi tena mtu yeyote.

Kazi inayogusa huanza na mtu mmoja unayemjua vizuri. Kama ni maji, ni kisima kipi? Nani anaamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni, na akiondoka anamwachia nani mtoto? Ndoo ya lita 20 inauzwa bei gani kiangazi, na nani anayeiuza? Muuza maji naye ana habari yake. Pengine ndiye anayeelewa tatizo kuliko mkutano mzima wa kijiji. Ukishayajua hayo, ujumbe utajisema wenyewe, na mtazamaji ataubeba kwenda nao nyumbani kwa sababu ameutambua yeye mwenyewe.

Katika hili Tanzania ina urithi ambao wasanii vijana wengi hawajaambiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanataaluma wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na igizo mfukoni. Walikaa na watu, wakasikiliza wanachokitaja wenyewe kuwa tatizo, yakiwemo masuala ya vijana wasio na kazi na mimba za wasichana, kisha ngoma na maigizo yakaundwa na wanakijiji wenyewe. Onyesho lilipokwisha mjadala ulianza, na mjadala huo ndio uliokuwa kiini cha shughuli.

Mwaka 1996 Lihamba na Mlama walianzisha mradi wa TUSEME katika shule za sekondari. Wasichana walichunguza wenyewe nini kinawazuia kusoma vizuri, wakatunga maigizo, wakayaonyesha mbele ya walimu na wenzao. Fikirini msichana wa kidato cha pili anasimama jukwaani kusema kile ambacho ofisini asingethubutu kukitamka. Mradi huo ulichukuliwa baadaye na FAWE, shirika la elimu ya wasichana Afrika, na kufika nchi nyingine za Afrika. Kwa hiyo mwaliko unapouliza "jamii imeshirikishwa vipi?", msione ni lugha ya wafadhili iliyoletwa kutoka nje. Jibu lake lilifanyiwa kazi hapa hapa, na kwa ustadi mkubwa.

Watu waliomo ndani ya kazi

Unapochukua picha ya mgonjwa, unaporekodi masimulizi ya mwanamke aliyepigwa, unapoandika habari ya jirani ambaye mtaa mzima utamtambua, umeingia katika maisha ya mtu. Mweleze kazi inakwenda wapi na nani ataiona. Mwambie wazi kwamba ikishinda inaweza kuonekana kwenye televisheni au simu za watu. Akikubali, pata ridhaa yake kwa maandishi, au kwa sauti iliyorekodiwa kama hasomi. Akikataa kesho yake, heshimu. Kwa mtoto, ridhaa ya mzazi au mlezi ni lazima, na hata ukiipata jiulize mtoto huyo akifika miaka 20 ataionea aibu picha hiyo au la. Ukiwa na shaka, badilisha jina, ficha uso, hamisha kijiji.

Na kama zawadi imepatikana kwa habari ya mtu mwingine, ni haki naye akumbukwe. Hakuna sheria inayokulazimisha. Sisi tunaona ni wajibu.

Haki zako

Tanzania Bara, hakimiliki inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na chombo chake, COSOZA. Haki hiyo inaanza pale unapoitoa kazi kichwani na kuipa umbo: ukiiandika, ukiichora, ukiirekodi. Wazo tupu halilindwi. Ukimsimulia mtu wazo la filamu kwenye daladala naye akatengeneza filamu yake, huna pa kushika. Kwa Tanzania Bara, kwa kazi nyingi, haki hii hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako, kwa hiyo unaposaini unasaini pia kwa niaba ya wanao.

Usajili wa kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Bara, si sharti la kuwa na haki, lakini unakupa ushahidi siku ya ugomvi. Hifadhi pia rasimu, faili zenye tarehe na barua pepe uliyotumia kutuma kazi.

Sasa angalia masharti ya mwaliko. Sentensi ya hatari ni ile inayosema kazi zote zitakazowasilishwa zitakuwa mali ya mwandaaji. Maana yake ni kwamba hata aliyeshindwa amenyang'anywa. Sharti la haki husema mwandaaji ataruhusiwa kuitumia kazi iliyoshinda kwa shughuli fulani, kwa muda fulani, jina la msanii likitajwa, na umiliki ukibaki kwa msanii. Kama haijaeleweka, uliza kabla ya kutuma. Barua ya namna hii inatosha:

"Ndugu Mratibu, nimesoma masharti ya mwaliko wenu na ninakusudia kushiriki. Naomba ufafanuzi wa mambo matatu. Kazi isiyoshinda itabaki kuwa mali yangu? Kazi ikishinda, mtaitumia wapi na kwa muda gani? Ikitumika kibiashara, malipo ya msanii yatakuwaje? Nitashukuru kupata majibu kwa maandishi."

Mwandaaji mwema hatakuchukia kwa barua hiyo. Asiyejibu amekwisha kukujibu.

Kama kazi ni ya kikundi, kaeni mkubaliane kabla ya kutuma: nani ametajwa kama mtunzi, zawadi inagawanywa vipi, nani anasaini. Vikundi vya ngoma na maigizo vimevunjika kwa fedha ndogo sana kwa sababu jambo hili liliachwa hadi siku ya zawadi.

Vibali

Bara, shughuli za sanaa zinasimamiwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, na filamu na michezo ya kuigiza ziko chini ya Bodi ya Filamu. Zanzibar mambo hayo yako kwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, BASSFU. Kabla ya kupiga picha za filamu au kuandaa onyesho la hadhara, uliza ofisi husika, au afisa utamaduni wa halmashauri yako, kibali gani kinahitajika na kinachukua muda gani. Kazi inayosema ukweli mchungu inahitaji karatasi zilizokamilika kuliko kazi nyingine, ili asiyeipenda asipate kisingizio chepesi cha kuisimamisha.

Baada ya kutuma

Pata uthibitisho kwamba kazi imepokelewa na uuhifadhi. Ukichaguliwa, usisaini mkataba siku hiyo hiyo kwa sababu ya furaha. Omba siku mbili tatu, umwonyeshe mtu anayeelewa sheria. Usipochaguliwa, omba maoni ya majaji kwa adabu, ingawa si wote wanaoyatoa.

Kisha irudishe kazi kwa watu waliokupa habari yake. Isome kwenye baraza, ionyeshe shuleni, ipeleke redio ya jamii. Wakikwambia "sivyo ilivyokuwa", rekebisha kabla ya mwaliko unaofuata.